Mdogo wa Makaratasi

Tarehe mosi Januari, nusu ya Wakongo wa Hallonbergen hutimiza miaka. Walipofika Sweden walisema wanajua mwaka waliozaliwa lakini siku hawaijui, nao makarani wakawapa wote siku hiyo moja. Mwaka 2011 Épiphanie aliyeyusha sombe, kisamvu cha kwao, iliyotoka friza, akasonga bukari, na alikuwa akimchagulia mumewe Severin kipande kinene cha samaki kengele ya mlango ilipolia. Nje alisimama Severin mwingine, mwenye nywele nyeusi na magoti mazima.

"Heri ya kuzaliwa, Yaya," alimwambia Severin, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. "Na mimi ni siku yangu leo."

Épiphanie akaongeza sahani. Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa, na waliosema hawakusema apone nini.

Walimjua. Severin alizaliwa mwaka lilipojengwa daraja la chuma la kwao. Mama yake alimwambia hivyo, naye akamwambia hivyo karani wa Kiswidi. Karani hakuwa na ubaya. Alikwenda maktaba, akalitafuta daraja, akaandika mwaka aliouona kitabuni. Ila hilo lilikuwa daraja la pili. La kwanza, lile la mama, lilichukuliwa na maji, na hakuna aliyejisumbua kuliandika. Siku daraja la pili lilipofunguliwa Severin alikuwa na miaka tisa, amepangwa juani na wanafunzi wenzake kuwaimbia Wabelgiji, kaptura inambana. Kwa mujibu wa makaratasi, ndiyo kwanza alikuwa anazaliwa. Aliomba wamrekebishie, wakataka shahidi, na mashahidi walikuwa wamekwisha, vita na uzee vimegawana. Sasa ikajulikana kwamba ile miaka tisa haikupotea bure. Ilikuwa ikiishi na mtu, mdogo wake wa makaratasi.

Mgeni alilala kwenye kochi la sebuleni. Aliosha vyombo, akateremsha nguo chumba cha kufulia, akapanda ngazi mbilimbili. Binti yao Victoire alikuja kutoka Akalla Jumapili, akamwuliza kwa Kiswidi kama atachangia kodi, akajibiwa kwa Kiswidi kizuri kuliko cha baba yake. Severin alimpenda mdogo huyo. Mwenyewe alikuwa kitinda mimba kwao. Maisha yake yote hakuwahi kuitwa Yaya na mtu wa damu yake. Jioni alimfundisha wimbo wa Wabelgiji, kwa kuwa mwenzake siku ya daraja alikuwa mchanga mno kuusikia.

Mwezi wa tatu, kampuni ya Kista ambako Severin alikuwa karani wa ghala ikauzwa, na wafanyakazi wa siku nyingi wakaambiwa wachague. Pensheni yao ilikuwa ya mtindo wa zamani: ilipimwa kwa mshahara wa mwisho, ikalipwa kila mwezi tangu miaka sitini na mitano hadi siku ya kufa, kisha basi. Anayetaka angeweza kuitoa. Thamani yake ingewekwa kwenye hisa kwa jina lake, ipande na kushuka inavyopenda, lakini angeanza kuichota mara moja, na akifa, iliyobaki ingekuwa ya mkewe.

Mshauri wa pensheni aliwapokea Severin wote wawili, akaleta vikombe vitatu vya kahawa. Severin akamweleza habari ya madaraja, na kwamba yeye ana miaka sitini na minane na moyo mbovu. Mshauri alisikiliza hadi mwisho, kwa upole.

"Mimi nahesabu kwa huyu aliye kwenye kompyuta," alisema, akimtazama yule mdogo. "Kwa mwanamume wa miaka hamsini na tisa mwenye afya, ushauri wangu ni kubaki. Ukiishi mpaka tisini, utalipwa mpaka tisini."

Mdogo akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na uso wa mtu wa kufika tisini.

Nyumbani Épiphanie hakuzunguka. Alikuwa msafishaji wa maofisi, pensheni yake mwenyewe ingekuwa ya kununulia chumvi, na usiku alisikia jinsi mumewe anavyopumua.

"Papa Victoire, toa ile feza. Moyo yako unaona namna iko. Fimbo ya mbali haiue nyoka."

"Nikiitoa, huyu atakula nini? Iko na myaka makumi tatu mbele yake."

"Alikula nini mbele ya kuja hapa?"

"Kwetu mukubwa akikufa, mudogo wake anabeba nyumba. Miye sikukuwa na mudogo. Sasa niko naye."

"Mama Victoire, tulia," mdogo alisema, akifuta sahani. "Mimi nitafika sitini na tano. Kila mwezi yote itakuwa yako."

Alisema kweli ya moyo wake. Hilo ndilo linalouma, kwamba katika nyumba ile hapakuwa na mwongo. Severin akabaki na pensheni ya zamani, na usiku huo alilala usingizi wa mtu aliyeacha mlango mikononi mwa nduguye.

Alifariki Oktoba 2013, akiwa kazini, ameketi juu ya boksi ghalani. Épiphanie alipotoka hospitalini alikuwa amejiandaa kumpa mdogo habari. Akamkuta kochini, viatu vimepangwa sambamba, mikono kifuani, amekufa naye. Hakuwa na ugonjwa wowote. Daktari aliandika cheti kimoja, kwa sababu namba yao ya utambulisho ilikuwa moja. Waliwekwa katika jeneza moja, na wabebaji hawakuona tofauti, maana mdogo hakuwa na uzito.

Makaburini padri alisoma umri wa marehemu, miaka sitini na mmoja. Watu wakasikitika kwamba amekufa kijana. "Sabini," alisema Épiphanie, mara mbili, na waliokuwa karibu wakamshika mabega. Ofisi ya pensheni ikampigia simu kumpa pole. Marehemu alikuwa hajafikisha sitini na mitano, kwa hiyo hapakuwa na cha kulipa. Épiphanie alilia kwa hasira, na mtu wa upande wa pili akasubiri bila kukata.

Tarehe mosi Januari, ambayo ilikuwa siku yake pia, alipika kidogo tu. Kengele ikalia. Nje alisimama mwanamke mwenye sura yake, mdogo kwake kwa miaka minne, ile ambayo makaratasi yalimkata yeye pia. Alikuwa na mgongo ulionyooka.

"Heri ya kuzaliwa, Yaya. Usiogope. Mimi nitafika."

Épiphanie alimtazama kwa muda.

"Hautafika," alisema. "Weye utakufa siku moja na miye. Ingia ule, bukari inapoa."

Kesho yake alfajiri walipanda treni pamoja kwenda Kista kusafisha. Yule mwingine alibeba ndoo zote mbili. Mwisho wa mwezi mshahara ukaingia, wa mtu mmoja.