Sampuli ya Kumi na Tisa

Kaka mtu alikuwa fundi cherehani, mcheshi kupita kiasi. Dada yake, aliyemfuata kuzaliwa, alikuwa mkemia, na fundi hakumwita kwa jina. Alimwita Bibi Vichupa.

Kwa miaka minne Bibi Vichupa alihangaika na kipimo kipya cha kolesteroli. Kilikuwa kipande chembamba cha plastiki, kimepakwa kemikali inayonasa kolesteroli. Ukidondoshea tone la damu, umeme kidogo hupita, na kifaa cha mkononi kinachochomekwa kipande hicho huonyesha tarakimu. Vipimo vya zamani viliharibika kwenye joto. Hiki kingekaa salama hata kwenye zahanati isiyo na friji.

Ulipofika wakati wa kukijaribu, walitakiwa watu thelathini wa kutolewa damu. Fundi alifika wa kwanza, tepu yake ikining'inia shingoni.

"Chukua, ila unibakishie ya kupandia ngazi."

"Kwani ngazi zinakusumbua?"

"Siku hizi nazipanda kwa awamu, kama mradi wa serikali."

Wakacheka wote wawili.

Vichupa viliandikwa namba tu. Orodha ya majina ilifungiwa kwenye droo ya mkuu wa maabara, ili mpimaji asijue damu ni ya nani. Kila sampuli iligawanywa, nusu ikapelekwa kwenye mashine kubwa ya hospitali ili majibu yalinganishwe.

Ishirini na tisa zililingana. Ya kumi na tisa kifaa kiliipa tarakimu ya kutisha, na hospitali haikutoa jibu lolote. Waliandika kwamba sampuli ina ukungu mweupe, mashine haiwezi kuisoma, damu ichukuliwe upya.

"Tumwite mwenyewe?" mkuu aliuliza.

"Ripoti inatakiwa Ijumaa, mzee. Kipande kile kilipakwa vibaya tu. Tuiondoe."

Mkuu akatia saini.

Wiki tano baadaye, asubuhi, fundi alikuwa akikata kitambaa cha sare za shule. Akaweka mkasi chini, akashika kifua, akaomba maji. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho. Daktari alisema mishipa ya moyo ilikuwa imeziba kwa mafuta.

Baada ya maziko, Bibi Vichupa alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wake.

"Naomba orodha."

"Ukishajua, iweje?"

"Fungua tu, mzee."

Alishuka na kidole mstari kwa mstari. Alipofika kumi na tisa, akakaa sakafuni na koti lake jeupe.

Siku nane alibaki nalo moyoni. Ya tisa alikwenda kwa wifi yake, mjane wa fundi, akamkuta anakunja nguo ambazo wateja hawajachukua. Alimweleza yote bila kujitetea.

Wifi alimaliza kukunja suruali aliyokuwa nayo mkononi. "Kwa hiyo kifaa kilisema kweli."

"Kilisema."

"Wewe ndiye uliyekinyamazisha."

"Mimi ndiye."

"Wengine watakuambia ni mipango ya Mungu. Mimi siwezi. Nenda, wifi, na usije mpaka nikuite."

Alikwenda. Aliiandika ripoti upya, akairudisha sampuli ya kumi na tisa kwenye jedwali, na chini yake akaeleza alichofanya na aliyekufa. Kibali cha kutengeneza vifaa kiliahirishwa mwaka mzima. Usiku alikuwa akilia. Mchana alifanya kazi.

Mwezi wa nne baada ya maziko, wifi alipiga simu. Alikuwa amesoma mahali kwamba ugonjwa uliomuua mumewe huweza kurithiwa, akataka mabinti zake wawili wapimwe. Shangazi mtu aliwachoma vidole mwenyewe. Mdogo alikuwa salama. Mkubwa, wa miaka kumi na minne, tarakimu yake ilipanda karibu sawa na ya baba yake. Safari hii damu ilichukuliwa tena siku hiyohiyo, na hospitali nayo ikathibitisha.

"Atapona?" wifi aliuliza.

"Atameza dawa maisha yake yote. Lakini ataishi."

Hawakukumbatiana. Wifi aliuliza tu kliniki ya moyo hufunguliwa saa ngapi, akamfunga binti yake vifungo vya sweta, wakaondoka.