Jina la Uzi wa Njano

Dereva alirudi safarini na jina la bintiye mchanga mdomoni, na alilishikia bango kama mtu aliyelizaa mwenyewe. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake ya kudarizi, alitaka mtoto apewe jina la marehemu mama yake. Thubutu! Dereva akaja juu.

"Hilo lako lina maana gani? Langu lina maana kila mahali. Watu wa jangwani wanalitumia kwa umande. Huko kwenye baridi kali, ni ushindi. Visiwani nako ni yule aliyesubiriwa sana. Unataka nini tena?"

"Usomi umeuanza lini wewe?" Fundi alimuuliza.

Lakini ubishi ulimchosha, akasalimu amri, akaanza kulidarizi jina kwenye blanketi la mtoto kwa uzi wa njano. Na tusimsingizie, alishaanza kulipenda, hasa ile maana ya visiwani. Walikaa miaka mingi bila mtoto.

Ndipo wifi yake akaja kumwona mtoto. Wawili hawa walikuwa paka na panya. Wifi akaliinua blanketi, akasoma, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Makubwa! Kaka yangu bado hajamsahau yule? Alimlilia pale kwa mama mpaka tukadhani atarukwa na akili!"

"Alimlilia nani?"

"Si huyu hapa unayemdarizi!"

Fundi alimfungulia mlango bila kumuaga. Umande! Ushindi! Kumbe kweli kuna aliyesubiriwa, ila si mwanawe. Alitamani kuchana kila kitu mle ndani.

Jioni Dereva aliposikia, alikana, akaapa, kisha jasho likamtoka.

"Basi fumua," alisema. "Mpe jina la mama yako, yaishe."

"Sifumui. Mama yangu simwingizi kwenye uchafu huu. Wewe ulilipigania, wewe utaliita, asubuhi na jioni, na kila ukiliita nitakutazama usoni. Nakuchukia, sikufichi."

Akamalizia herufi ya mwisho, akakata uzi kwa meno, akamfunika mtoto. Mtoto akaanza kulia.

"Mbembeleze," Fundi alisema. "Mwite."

Dereva akampakata, akafungua kinywa, akamwona mkewe anavyomtazama, akakifunga.

"Nyamaza, mtoto," alisema. "Nyamaza."

Tangu siku hiyo hakuwahi kulitamka. Mtaa mzima ulimwita msichana kwa jina lake, na Fundi alilitamka kwa sauti ya juu makusudi, akifurahia kumwona mumewe akiinamisha kichwa. Aliona amemkomoa, na kweli alimkomoa.

Mpaka asubuhi moja msichana, akivalishwa sare mpya ya shule, alipomsikia baba yake akiita mlangoni, "Mtoto, twende."

"Mama," alinong'ona, "kwani baba hajui jina langu?"

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele yake akimfunga vifungo; akavifungua vyote, akaanza upya.