Madoa Yasiyouma

Tamim alikuwa akiwapeleka wageni jangwani kwa gari, huko Bidiya, Omani. Asubuhi moja, akishika usukani, aliona viganja vyake vimetoka madoa ya rangi ya shaba. Hayakuwasha wala hayakuuma. Alipovua viatu akayakuta na nyayoni.

Bibi yake, Bi Azza, mzaliwa wa Unguja, aliitazama mikono ile kitambo kirefu. Akasema mjukuu wake amekanyaga pahala pa wenyewe, mashetani wa mchangani, akawa anamfukiza ubani kila alasiri. Wiki ya tatu madoa yakatoweka. Bibi akashukuru. Tamim alitaka kushukuru, moyo ukakataa. Alikumbuka kuwa miezi miwili nyuma alitoka kidonda sehemu za siri, kisichouma, nacho kilipona chenyewe.

Katika kituo cha afya cha kwao anajuana na kila mtu, basi akenda mji wa Ibra. Muuguzi, Manar, aliisikia lafudhi yake akamgeuzia Kiswahili, akafunga mlango. Alipima damu. Ilikuwa kaswende.

"Mbona imeondoka?" Tamim akauliza, akimwonyesha viganja.

"Haijaondoka, imeingia ndani. Huweza kukaa humo miaka, kimya, mpaka ifike kwenye moyo au ubongo. Na muda wote huo utajiona mzima."

Tamim alihisi kana kwamba kuna mtu amekaa nyuma yake anasikiliza. Akageuka. Palikuwa na ukuta tu.

Alichomwa sindano. Alipimwa na virusi vya Ukimwi, hakuwa navyo. Manar alimwambia asilale na mtu mpaka aruhusiwe, na baadaye asiache kondomu, wala asitosheke nayo bila kupima, kwa kuwa kidonda huweza kutoka pahala isipofunika. Kisha akasema, "Sasa mpigie mwenzio."

Mwenziwe alikuwa Raghad, mwanamke wa mji wa Sur. Tamim alimpigia akiwa ndani ya gari, adhuhuri, barabara tupu huku na huku. Akamweleza yote.

"Mimi madoa yalinitoka tumboni," Raghad akasema polepole. "Yakafutika. Nikasema basi."

Akaomba jina la kituo. Wiki ileile alipimwa, akakutwa nayo, akatibiwa.

Baada ya miezi mitatu damu ya Tamim ilionyesha dawa imefanya kazi. Ndipo alipomwambia bibi yake kuwa yale yalikuwa maradhi, na yametibiwa. Bi Azza akauliza kama yalimuuma.

"Hata siku moja, bibi."

Bi Azza akamsogezea kahawa.