Matanga ya Ineza

"Mama, iyo bidoo uiache hapa inje," alisema msichana wa mlangoni, mwenye kitambulisho cha chuo shingoni. "Hatuingizi mafuta."

"Haiwezi kubaki inje, mwanangu. Iko na kazi yake ndani."

Msichana akaitazama bidoo, lile dumu la mafuta. Ilikuwa ya lita tano, zamani ya manjano, sasa wekundu wa mawese umeikolea, na mdomo wake umezibwa kwa kipande cha jani la mgomba.

"Umekuja kuuzisha?"

"Kuuzisha tena! Nimekuja matangani. Niko mufiwa."

Msichana akageuka kulisoma upya tangazo lililobandikwa ukutani, asije akawa amesimamia mlango usio wake. Lilisema, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwamba mwandishi Meshaki atazungumzia kitabu chake kipya mbele ya wanafunzi, walimu na wakazi wote wa Bujumbura, na kwamba kiingilio ni bure. Matanga hayakutajwa. Lakini mtu mzima akishakuambia amefiwa, utamzuiaje? Akampisha, bidoo na yote.

Mama huyo, Kornelia, hakukaa nyuma. Alishika njia mpaka mstari wa kwanza, maana wenye msiba hukaa mbele, akaiweka bidoo kati ya miguu na kuvuta kitenge vizuri magotini. Kulia kwake alikaa profesa mmoja mwenye miwani, ambaye alisogeza mkoba wake mbali kidogo na mafuta. "Amahoro," Kornelia akamsalimu kwa ile sauti ya chini ya msibani, na profesa akaitikia kwa uchangamfu uliomshangaza.

Tumcheke kidogo kama ni lazima, ila tusimcheke sana. Kwao Kizuka, upande wa Rumonge, mtu hazikwi yakaisha. Baada ya mwaka mmoja au zaidi watu hukusanyika tena kuanua matanga. Warundi husema kuganduka. Msemaji wa familia husimama, humtaja marehemu kwa jina, husema alikufa vipi, huwashukuru waliomzika. Kisha pombe ya ndizi hunywewa, na tangu hapo mfiwa yu huru kucheka. Pasipo msemaji hakuna matanga kuanuliwa. Unaweza kunywa pipa zima na ukabaki mfiwa vilevile.

Kornelia alikuwa mfiwa kwa miaka thelathini na ushei. Bintiye Ineza alikuwa wa miaka miwili walipokimbia vita kwa mtumbwi ziwani kuelekea Kigoma. Homa ilimshika safarini, na asubuhi ya pili akawa amekwisha. Mwenye mtumbwi akasema hafiki ng'ambo na maiti. Watafukuzwa wote, wadhaniwe wameleta kipindupindu. Kornelia akamvingirisha mtoto katika kitenge na kumtia majini kwa mikono yake mwenyewe. Hapakuwa na kaburi, wala mtu wa kushukuriwa kwa kushika jembe. Mume, ambaye ndiye angetafuta msemaji, alifia kambini huko huko Tanzania. Tangu siku ile Kornelia hakuonja samaki wa ziwa lile, na hiyo si kazi ndogo kwa mkazi wa Rumonge, mahali ambapo hata mbuzi wananuka ndagala.

Meshaki alizaliwa kambini, mlango wa pili kutoka kibanda cha Kornelia, na mama yake alipougua ni Kornelia aliyempakata. Alirudi Burundi akasoma, akawa mwalimu wa chuo, na viangazi vitatu mfululizo alikuwa akija Kizuka na daftari lake. Akikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akimwangalia Kornelia anavyochemsha chikichi katika pipa, anavyotwanga, anavyokamua, anavyosimama juu ya sufuria na kipawa mkononi. Mawese ni kazi ya subira. Mafuta hupanda yenyewe kwa wakati wake, na ukiyaharakisha utachota maji. Siku moja, wakiyangoja, Kornelia alimwambia yote.

"Nikiandika, utaniruhusu, Mama Ineza?"

"Andika. Na jina lake ulitaje mbele ya batu."

Basi iliposikika kwamba Meshaki atasimama mjini na kipaza sauti, mbele ya watu, kukisema kitabu, Kornelia alielewa vile ambavyo mtu yeyote wa Kizuka angeelewa: msemaji amepatikana. Bidoo ilikuwa ya kumshukuru msemaji. Pombe ya ndizi ilikwisha kuchachuka nyumbani, majirani wamealikwa Jumapili, na rafikiye Kadidja, muuza samaki wa sokoni Rumonge, ameahidi kumpikia mukeke, samaki wake wa kwanza wa ziwa tangu siku ile.

"We Kornelia," Kadidja alimtania akimfunga kilemba asubuhi ile ya safari, "bale basomi bakikupa kitabu, usikikaange na mawese, wallahi."

"Nikikikaanga si utakula?"

"Nitakula, na ndimu nitakamulia."

Walicheka, kisha Kadidja akamshika mashavu. "Nenda, dada. Nenda umulaze mutoto wako."

Ukumbini, mshereheshaji aliyeitwa Abdoulkarim alifungua kwa Kifaransa kirefu. Kornelia alikingojea Kifaransa hicho kipite kama anavyongojea povu la sufuria. Ndipo Meshaki akapanda jukwaani. Alipoinua macho na kumwona pale mbele, karatasi zikamponyoka, akainama kuziokota moja moja, na shingo yake ikalowa jasho. Kornelia akaona hiyo ndiyo heshima ya msemaji mbele ya mfiwa. Akainamisha kichwa.

Kitabu chenyewe kilikuwa kwa Kiswahili, Kiswahili cha kambini, na Meshaki alikisoma bila mbwembwe. Alisoma juu ya pwani na watu waliogombania mtumbwi. Kisha akalitaja: Ineza. Kipaza sauti kikalichukua jina mpaka viti vya nyuma kabisa, likafika kwa watu mia mbili wasiomjua. Hakuna mtu aliyelitamka jina lile kwa sauti kubwa hivyo tangu alipomwita yeye mwenyewe, siku ya mwisho, asiitikie. Ndiyo, akasema moyoni. Endelea, mwanangu.

Meshaki akaendelea. Homa ilikuwepo, ile ile. Mwenye mtumbwi alikuwepo na maneno yake. Kitenge kilikuwepo, hata rangi yake ya buluu. Kornelia akaishika bidoo kwa mikono miwili, akajikaza, kwa kuwa alijua kinachofuata.

"Mama akambana kifuani," Meshaki alisoma, na sauti ikapungua. "Kulipokucha, homa ilikuwa imeshuka. Mtumbwi ulipogusa mchanga, Ineza aliteremka kwa miguu yake mwenyewe."

Akafunua kurasa nyingi kwa pamoja. Mbele huko Ineza alikuwa mwanafunzi. Mbele zaidi alikuwa mwalimu, vumbi la chaki mkononi, akicheka na darasa zima. Kornelia alisubiri. Alidhani labda kifo kimesogezwa, kitakuja tu, vifo havina haraka. Lakini kitabu kikafungwa na mtoto hakufa. Watu wakapiga makofi, profesa akavua miwani na kuifuta.

Kilio huanza mfiwa, walisema wahenga, ndipo wa mbali wakaingia. Siku ile mfiwa alikuwa wa mwisho. Profesa aliuliza juu ya muundo wa riwaya, mwanafunzi mmoja akauliza namna ya kumpata mchapishaji, na wote wakajibiwa vizuri. Kornelia alikuwa na hotuba ya shukrani aliyoifanyia mazoezi wiki nzima akitwanga. Alisimama, asiione popote kichwani.

"Swali moja, mama, fupi tu, s'il vous plaît," alisema Abdoulkarim, akamletea kipaza sauti.

"Iko fupi," Kornelia alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua ilivyojaza nyumba. "Ule mutoto. Kitabu kikiisha, anabaki anaishi wapi?"

Watu wakacheka, kicheko cha wema. Walimpenda papo hapo bibi huyu.

"Maana kama iko muzima," akaendelea, "na akili zote hizo, na ualimu... mbona hajakuja kuniona?"

Kicheko kikakatika. Abdoulkarim alimtazama Meshaki, na Meshaki hakumtazama mtu. Aliteremka jukwaani, akaja akachuchumaa mbele ya Kornelia, karibu na bidoo, kama alivyokuwa akichuchumaa karibu na pipa.

"Mama Ineza, unisamehe. Nilijaribu mara tatu kuandika kama ulivyonielezea. Mukono ulikataa."

Kornelia akaitazama mikono yake. Ilikuwa na ule wekundu usiotoka.

"Wangu haukukataa," alisema.

Kipaza sauti kilikuwa bado wazi. Ukumbi wote ulisikia.

"Nitasahihisha," Meshaki akasema haraka, machozi yanamlenga. "Kitabu kikichapishwa tena nitaandika ukweli, neno kwa neno. Ao nisimame saa hii, hapa hapa mbele ya batu, niseme namna alivyokufa. Uniambie tu, Mama. Niseme?"

Hicho ndicho alichokijia. Njia nzima kutoka Rumonge, ziwa likiwa dirishani mkono wa kushoto, hakuomba kingine. Neno moja tu kutoka kwake, na Ineza angetajwa na kifo chake, watu wangeitikia, Jumapili pombe ingenyweka kihalali, na yeye angekula samaki na kulala. Kornelia alifungua mdomo. Kisha akaona itakavyokuwa: Meshaki atamchukua yule mtoto pale mchangani, aliyesimama kwa miguu yake, amfunge kitenge cha buluu na kumrudisha majini. Na safari hii mama yake atakuwa amekaa kwenye kiti kizuri, ameruhusu.

"Hapana," alisema. "Umuache."

"Mama..."

"Mimi sikuweza kumufikisha. Wewe umemufikisha. Mutu akishafika inchi kavu, hatumurudishi mu mayi." Akapumua. "Umuache hivyo hivyo."

Meshaki alimsindikiza mpaka kwenye gari la Rumonge, ameibeba bidoo, na pale akataka kuondoka nayo, akidhani ni zawadi yake. Kornelia akaichukua kwa upole kutoka mkononi mwake. "Hii iko ya matanga," alimwambia, "na matanga hayajaanuliwa. Murakoze, asante, mwanangu." Badala yake yeye ndiye aliyepewa kitu, nakala ya kitabu iliyotiwa sahihi, akaipakata njia nzima.

Jumapili majirani walikuja wamevaa vizuri, maana habari huchelewa kupanda milima ya Kizuka. Kornelia aliwaeleza kama ilivyokuwa, bila kupunguza. Kadidja, aliyekuja na sufuria ya mukeke imefunikwa kwa sahani, ndiye aliyethubutu kuuliza.

"Sasa sisi tukuambie nini, dada? Pole ao hongera?"

"Munywe kwanza," Kornelia akajibu.

Wakanywa, ila bila jina, kama wageni wa kawaida. Kadidja, ambaye pombe haigusi, alikaa na chupa yake ya soda na kuitazama sufuria yake. Jioni ilipokaribia aliibeba kichwani akarudi nayo Rumonge, haijafunuliwa, na hakumlaumu mtu.

Kazi ya mawese haijui msiba; Jumatatu pipa lilikuwa motoni tena. Kusoma Kornelia alijifunzia kambini, ukubwani, kwa kufuata kidole. Kila siku saa sita, sufuria ikiwa imeepuliwa na hakuna la kufanya ila kungoja, huketi juu ya kile kinu na kukifungua kitabu mahali pamoja, pale mtumbwi unapogusa mchanga. Mawese hayatoki kidoleni hata ukinawa kwa jivu, kwa hiyo mstari ule umekuwa mwekundu, na karatasi imekolea mafuta kama ile ya kufungia maandazi. Maneno ya ukurasa wa nyuma yameanza kuonekana kwa chini, yamegeuka kinyumenyume, hayasomeki.

Ukurasa huo Kornelia hajaufunua. Hubaki pale mchangani, kidole juu ya jina, mpaka mafuta yapande.