Maisie Amefaulu

Leanne alimgusa binti yake Maisie begani, akangoja ageuke, ndipo akamwambia avae viatu. Kiwandani anakofungasha samaki alipewa ruhusa ya asubuhi moja, tena kwa kununiwa. Maji mazito yalikuwa yamejaa nyuma ya ngoma za masikio ya mtoto tangu kabla ya Krismasi. Daktari wa upasuaji alishasema atatoboa ngoma, avute uchafu, aweke vibomba vidogo vya kupitisha hewa, na vinyama vya nyuma ya pua avikate papo hapo. Kilichobaki ni kipimo cha pili kuthibitisha kwamba hasikii. Utaratibu ni kungoja, kisha kupima tena. Kungoja, sisi Waingereza tunakuweza.

Hospitalini Maisie alivishwa vipokea sauti masikioni. Aliambiwa kila akisikia mlio, achomeke kijiti kwenye ubao wenye matundu. Mpimaji, Bwana Thackray, alikaa mbele yake akibonyeza kitufe cha mlio chini ya meza, na kila alipobonyeza nyusi zake zilipanda kidogo. Maisie hakuyabandua macho usoni pake. Nyusi zikipanda, anachomeka. Leanne alitambua kwamba mtoto anafuata nyusi, si mlio.

"Hongera, kipenzi!" Thackray alisema. "Anasikia vizuri, mama. Tunamtoa kwenye foleni ya upasuaji."

"Anakusoma uso huyo! Mimi ndiye niliyemfundisha, angeishije shuleni? Mgeuze, umpime tena."

"Muda wenu umekwisha, dada. Nje kuna watoto wengine. Mwone daktari wako wa mtaani, aanze kuwaandikisha upya."

"Upya? Mwalimu anamwita mkaidi! Mkaidi gani wa miaka mitano asiyejua kama ameitwa? Hata akiongea haeleweki!"

"Pole sana. Lakini kwa kipimo, amefaulu."

Leanne alimvua mtoto vipokea sauti, akasimama nyuma ya kiti chake.

"Maisie, twende tukale chipsi."

Maisie hakugeuka.

"Maisie! Aiskrimu!"

Mtoto alikuwa bado anamtazama Thackray. Thackray alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aibu ilimshika kwelikweli.

"Nimeona," alisema kwa sauti ya chini. "Ila kompyuta haina mahali pa kuandika hilo."

Akamwangalia Leanne, akainua nyusi kama anayeomba radhi.

Maisie akachomeka kijiti, akatabasamu.