Hesabu ya Lola Sepa

Nelia alimkuta Junel, mtoto wa miezi minane, amepakwa mafuta ya nazi hadi nyayo. Lola Sepa, bibi mkandaji aliyewakanda nusu ya kisiwa kile, ndiyo kwanza anafunga chupa.

"Mgongo umeteguka," alisema bibi. "Ndiyo maana anakohoa. Siku tatu asioge, asipigwe upepo."

Siku tatu! Nelia alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa kwa miaka kumi na minne, na jicho moja lilimtosha: pua zinatanuka, mbavu zinabonyea kila mtoto akivuta pumzi, na ziwa kalikataa tangu asubuhi. Nimonia, tena kali. Hospitali ilikuwa nusu saa tu kwa pikipiki yenye kigari cha abiria ubavuni, lakini Rowena, mama mtu, asingetoa mguu nje bila ruhusa ya bibi.

Kugombana Nelia aliweza sana. Mwaka juzi aligombana kwenye nyumba nyingine, akashinda kwa maneno, akafukuzwa.

"Lola, mikono yako inajua kuliko yangu," alisema, na alimaanisha. "Weka kiganja tumboni. Kila likipanda, hesabu. Mimi naangalia saa, dakika moja."

"Leo unanifundisha kuhesabu, mwanangu?"

"Nakuomba."

Bibi akahesabu kwa sauti. Alipopita hamsini akakunja uso. "Dakika yako ina mpira? Mbona haiishi?"

"Endelea, Lola."

Sitini na sita.

"Saa mbovu hiyo." Akarudia. Sitini na saba. Safari hii kiganja kilipanda taratibu, kikatulia pale mbavu zinapobonyea. "Inatakiwa ngapi?"

"Kwa umri wake, isifike hamsini."

Lola Sepa akachukua kanga ya mtoto, akaanza kumfuta mafuta. "Rowena, huyu hajateguka. Mfunike mwende hospitali sasa hivi. Upepo nimeuruhusu mimi."

Junel alilazwa siku tano, akarudi ananyonya bila kupumzika.

Wiki mbili baadaye Nelia alipita kwa Lola Sepa, akamkuta amempakata mtoto mwingine, wa miezi sita, anayekohoa. Chupa ya mafuta ilikuwa bado imefungwa. Kando yake, mkekani, ilikuwepo saa ya marehemu mumewe, na midomo ya bibi ilikuwa ikichezacheza. Nelia akasubiri mlangoni.

"Arobaini na mbili, na mbavu zimetulia," alisema bibi, akafungua chupa. "Huyu wangu."