Shemeji Kawekewa Vikwazo

Shemeji yangu alipowekewa vikwazo, dada alinipigia simu analia kama kafiwa. "Mdogo wangu, wametuonea! Wametuonea jamani!" Nikadhani nyumba imeungua. Kumbe mataifa ya nje yameandika jina la mumewe kwenye orodha: mkuu wa magereza, mtesaji, asikanyage kwao, akaunti zake zifungwe. Watoto wamerudishwa kutoka shule ya huko. Mheshimiwa hawezi tena kupanda ndege kwenda kukandwa mgongo na daktari wake.

"Pole," nikamwambia. Nilikuwa nimeshika ukuta nisicheke.

Maana mume wangu mimi alikuwa mikononi mwa Mheshimiwa huyohuyo, miezi minane. Alikuwa mpiga chapa. Kosa lake ni kuchapa karatasi moja yenye majina ya watu waliofia mahabusu. Walimchukua mchana kweupe, wino ungali vidoleni. Nilikwenda kwa shemeji nikapiga magoti sebuleni kwake, naye akaniangalia huku anachokoa meno. "Huyo mtu hayumo kwenye vitabu vyangu, shemeji. Labda kakutoroka." Kunitoroka! Mtu aliyekuwa hapati usingizi mpaka aniulize mara tatu kama nimefunga mlango! Dada naye, macho makavu: "Vumilia, atarudi."

Basi, wiki tatu baada ya ile orodha, saa nne asubuhi, gari lake likasimama mbele ya kibanda changu cha udobi. Alikuwa hajawahi kufika pale hata siku moja. Akateremka na dada, nyuma yao wakili na mkoba wake. Akainama kupita chini ya kamba, shuka mbichi ikamchapa usoni. Nikampa kiti cha plastiki chenye mguu mbovu. Makusudi.

"Shemeji," akaanza, sauti laini sijawahi kuisikia. "Tunateswa."

"Nani anawatesa?"

"Hawa mabeberu. Mtu unahukumiwa bila kusikilizwa! Hukuitwa, hukuulizwa, jina lako limetupwa tu huko, familia nzima inaumia. Hiyo ni haki kweli?"

Jamani! Nilimkagua uso mzima nikitafuta japo chembe ya aibu. Hamna. Alikuwa anaamini anachosema, na machozi yanamlengalenga.

Wakili akaeleza. Mheshimiwa ana malori kumi na mawili yanayovuka mipaka, na benki ya nje imeyazuia. Anatakiwa mmiliki mwingine, mtu asiyetumia jina la Mheshimiwa, asiyejulikana popote. "Ndugu wa kuaminika," dada akadakia. Nikaelewa. Ndugu zake mwenyewe haamini hata mmoja, wezi kama yeye. Mimi dobi nitaogopa tu.

"Unatia saini hapa penye alama za njano," wakili akasema. "Huna haja ya kujichosha kusoma."

Nafasi yangu ndiyo hii, nikajiambia. "Mleteni mume wangu," nikasema. "Mkimleta leo, natia saini leo."

Wakatazamana wote watatu. "Saini kwanza," shemeji akasema. "Hilo la mumeo nitalishughulikia. Nakuahidi."

Kumbe yupo! Miezi minane hayumo kwenye vitabu, leo malori yamekwama, kapatikana. Furaha ikanipanda, nikazidi kumchukia kwa sababu ni yeye aliyenifurahisha.

Nikafuta mikono, nikavuta karatasi. Sasa, mimi kazi imeniharibu: siwezi kutia nguo majini bila kupekua mifuko yote, hata awe mteja wa miaka kumi. Nimeshakuta pete, nyembe, barua za mahawara. Nikaanza ukurasa wa kwanza, polepole. Wakili akakohoa.

"We naye!" dada akasema. "Saini bwana, Mheshimiwa ana haraka."

Ukurasa wa nne uliuliza hali ya ndoa. Chini yake benki imeeleza: mwombaji akiwa na mume, mume atie saini ya kuridhia mbele ya shahidi; mwombaji akiwa mjane, aambatanishe cheti cha kifo. Jibu lilikuwa limeshapigwa chapa. Mjane.

Nikafunua. Cheti chenyewe kilikuwa nyuma, kimebanwa kwa pini. Jina la mume wangu. Mhuri wa hospitali ya magereza. Amekufa siku ya tisa tangu wamchukue. Chanzo cha kifo, homa.

Benki ya nje ni mwiko kuidanganya, unaona? Mimi walinidanganya miezi minane, dada yangu mwenyewe ananiambia nivumilie, lakini benki iliuliza swali moja tu ikapewa ukweli wote na mhuri juu. Wala hawakujisumbua kukificha. Dobi ataona nini zaidi ya alama za njano!

"Dada, ulijua?"

Akainamisha uso, akaanza kuchezea bangili. Huyo nimenyonya naye ziwa moja.

"Mmemzika wapi?"

"Shemeji, mambo haya yana taratibu zake. Tia saini, halafu..."

"Nimeuliza, mmemzika wapi!"

"Nyuma ya karakana ya gereza kuu," akafoka, kama mtu anayesumbuliwa na ombaomba. "Mstari wa pili. Umeridhika? Haya, saini."

Nikakunja cheti nikakitia kifuani. Wakili akanyoosha mkono, akaona pasi ya moto iko karibu yangu, akaurudisha. Fomu nikamtupia shemeji mapajani.

"Unajua naweza kukufunga leo hii?"

"Nifunge. Nani atakutilia saini? Na benki ikiuliza mmiliki yuko wapi, ujaze nini?"

Akaanza kukusanya karatasi za fomu mapajani, moja moja. Mkuu wa magereza mzima, nchi inamtetemekea, amekaa kwenye kiti kibovu anapanga karatasi kwa ajili ya malori. Na mimi nilikuwa namwogopa mtu huyu! Kitu kidogo hivi!

"Ondokeni," nikawaambia. "Nina msiba."

Dada akataka kunishika bega. "Usiniguse. Nenda na mumeo, wewe bado unaye."

Nikawafuata nyuma mpaka barabarani, nikajifunga shuka ya mteja kiunoni, nikapiga yowe. Majirani wakatoka mbio, mlango kwa mlango. Na pale pale mbele ya gari lake, dereva akipiga honi apishwe na hakuna anayempisha, nikawaambia wote kwamba mume wangu amekufa, nani kamuua, na amezikwa wapi.